Maji ya Muwa

Wauza nyanya wa Ilula si watu wa kufundishwa biashara. Wanajua basi gani linasimama wapi, na meza zao wamezipanga hapo hapo, bega kwa bega, kila mmoja akigombea dirisha la abiria. Evarista peke yake alikuwa ameweka meza yake mbali na wenzake, kule chini kwenye tuta, mahali ambapo magari hupunguza mwendo lakini hayasimami. Sasa nani anunue nyanya akiwa ndani ya gari lisilosimama? Wenzake walimshauri, kisha wakamcheka, mwisho wakamzoea.

"Shangazi, hapo unauzia upepo," alikuwa akiambiwa na Happy, binti mwenye meza ya mwisho upande wa stendi, ambaye kwa hiyo ndiye aliyekuwa jirani yake wa karibu.

"Na upepo hauniombi punguzo," Evarista alimjibu, akaendelea kufuta nyanya zake kwa kanga kuukuu.

Ulimi huo ndio uliowafanya watu wasimwonee huruma, na yeye aliupenda kwa sababu hiyo. Hakutaka mtu ajue kilichomweka pale. Kwenye tuta, semi hata iwe na haraka ya namna gani lazima ikanyage breki, ipande polepole, ishuke polepole, na kwa muda huo mfupi mtu aliyekaa kando ya barabara anaweza kumwona dereva uso mzima. Kulikuwa na semi moja yenye kichwa cha bluu iliyokuwa ikipita hapo kupeleka mizigo Tunduma na kurudi Dar es Salaam. Dereva wake aliitwa Yotamu. Alikuwa mwanawe, mtoto pekee aliyebaki hai katika uzazi wake, na akipita hakuwa akigeuza shingo.

Aliwahi kusimama mara moja, miaka kadhaa nyuma, kabla hajajua. Alishuka, akachagua sado ya nyanya, lile kopo la kupimia, na Evarista akayaona masikio yake, yale masikio makubwa ya Gerson, aliyekuwa mumewe, akamuuliza kwao ni wapi. Uyole, Mbeya. Na baba? Marehemu Gerson. Evarista akashindwa kujizuia, akamwambia, "Mimi ndiye mama yako." Kijana alimtazama usoni, akamtazama mikono, macho yakaishia mdomoni mwake. Akairudisha ile sado mezani taratibu, kama kitu cha moto, akapanda gari lake, akaondoka. Ndipo Evarista alipohamia kwenye tuta. Hakumlaumu, maana alijua mtoto yule alilelewa na habari gani.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Evarista aliolewa Uyole akiwa msichana, na uzazi wake wa kwanza ulisifiwa mtaa mzima. Alizaa mtoto mkubwa, mashavu yamejaa, wakwe wakapokezana kumpakata. Mtoto hakukaa. Alilegea, akatoka jasho la baridi, akakaza macho, akatetemeka, akafa. Degedege, walisema. Wa pili naye alikuja mkubwa vilevile, akaenda njia ileile. Katika ukoo ule mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina hakuwa na msiba. Hakutandikiwa mkeka, watu hawakupikiwa chai, na mama hakuruhusiwa kulia kwa sauti, kwa hofu kwamba angewafungia njia wanaofuata. Wanawake wawili watatu walimchukua mtoto, wakamzika migombani, wakarudi wakanawa, kazi zikaendelea. Aliyesimamia hayo mara zote mbili alikuwa Bertha, dada yake Gerson, mwanamke mwenye msimamo na sauti. Alimletea Evarista maji ya kunawa, akamwambia, "Nyamaza, wifi. Hawa hawaliliwi." Evarista akanyamaza.

Alipozaliwa Yotamu, mkubwa kama wenzake, Evarista hakufurahi, aliogopa. Alikuwa akimtazama kama anayelinda maziwa jikoni yasifure. Mchana mmoja, watu wakiwa shambani, alikuwa ameketi anatafuna muwa na mtoto amelala pembeni, akaliona lile jasho la baridi kwenye paji la uso, na mkono mmoja umeanza kurukaruka. Alimnyakua. Mdomo wake ulikuwa umejaa maji ya muwa, na kwa kuchanganyikiwa tu akamtemea mtoto mdomoni, kidogo kidogo, kama ndege na kinda lake. Mtoto akameza. Baada ya muda mkono ukatulia, macho yakarudi, akalia kwa njaa. Evarista hakuelewa kwa nini, na wala hakuwa na wa kumuuliza. Kuanzia hapo hakukosa kipande cha muwa kwenye pindo la kanga, na mtoto akilala sana alimwinamia akamtemea. Aliendelea hivyo mpaka mtoto akaanza kukimbia na kula ugali, na ile mitetemeko ikawa ya nadra.

Hata hapo hakuacha kabisa, na ndivyo Bertha alivyomkuta. Alirudi nyumbani kufuata jembe, akachungulia mlangoni, akamwona wifi yake ameinama juu ya mtoto aliyelala, anatafuna kitu, anamtemea mdomoni. Watoto wawili wamekufa, na huyu wa tatu anatemewa. Bertha hakuuliza, alipiga yowe lililofika barabarani. Wazee walikaa, wakasema, wakamaliza. Evarista alirudishwa kwao Ilula na mfuko wake wa nguo. Mtoto ni wa ukoo, akabaki. Habari zilipanda basi lilelile alilopanda yeye, na Ilula hakuna mwanaume aliyebisha hodi kwake tena. Wanawake wenzake waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye aliitwa Evarista, na watoto walimwita shangazi.

Kwa hiyo siku semi ya bluu ilipovuka tuta ikasogea pembeni na kuwasha taa za tahadhari, Evarista alidhani imeharibika.

Yotamu alishuka. Alikuwa amekonda. Alikuja hadi mezani, na nyanya hakuzitazama.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nina mtoto," Yotamu alisema. "Wa kike, anaitwa Damari. Tumekaa naye sana hospitali Mbeya. Sasa yuko nyumbani Uyole na mama yake."

Evarista alishika ukingo wa meza. "Alizaliwa mkubwa?"

"Mkubwa. Watu wakatupongeza."

"Akatoka jasho la baridi, akawa anatetemeka."

Yotamu alimtazama, na safari hii hakuyakwepesha macho. "Ndiyo. Walipopima wakakuta sukari kwenye damu imekwisha kabisa. Wanasema siyo kisukari, ni kinyume chake. Mwili wake unamwaga insulini bila kukoma, sukari inaliwa yote, ubongo unabaki na njaa. Wametufundisha kumlisha mara kwa mara, hata kama amelala. Akigoma kumeza, unampaka maji ya sukari ndani ya shavu. Juzi mchana nilikuwa nimemwinamia, amelala, nampaka. Shangazi Bertha akaingia. Akasimama pale mlangoni, akasema, 'Mungu wangu, na wewe? Ndivyo alivyokuwa anakufanyia mama yako.' Akatoka. Hajaja tena."

Lori lingine lilipita kwenye tuta, wakangoja kelele ziishe.

"Ulikuwa unaniwekea nini mdomoni?" Yotamu aliuliza.

"Muwa. Nilikuwa natafuna, nakupa maji yake. Ukipata maji yake unatulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Evarista alijibu. "Niliwaambia wazee, nikamwambia baba yako. Nikasema ndani ya basi njia nzima mpaka kondakta akaniambia ninyamaze."

Yotamu aliinamisha kichwa, akabaki amezitazama zile nyanya. Kisha akasema, "Nimekuja kukuchukua, kama utakubali."

Happy aliachiwa meza. Alitaka kujua shangazi anakwenda wapi na dereva, Evarista akamwambia anakwenda kuolewa, akapanda semi kwa shida, goti moja baada ya jingine.

Kwa safari ndefu kama ile, kuna mambo machache ya kusemwa na watu wasiojuana. Yotamu aliendesha, Evarista alishika mfuko wake mapajani na kumwiba kwa jicho: mikono, shingo, masikio. Alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani, na alikuwa akiibana isionekane. Walipoipita Makambako ndipo kijana akaanza kumweleza alichoelezwa na Daktari Liberatus, anayemtibu mtoto.

"Anasema kwenye kongosho kuna vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho, ndivyo vinavyotoa insulini. Kila chumba kina vijilango, humo hupita chumvi inaitwa potasiamu. Sukari ikishuka, vile vijilango vinatakiwa vifunguke, chumvi itoke, chumba kitulie, kiache kumwaga. Vya Damari havifunguki vizuri. Ni kama gari mguu umenasa kwenye mafuta, hata mbele kuwe na ukuta linakwenda tu."

"Na dawa?"

"Ipo. Inavilazimisha vifunguke. Kwa Damari imeanza kusaidia, ila kulisha hatuachi." Alibadilisha gia. "Kuna jambo jingine. Damu yetu ilipelekwa nje ya nchi kupimwa. Ni kosa dogo kwenye vinasaba, tunazaliwa nalo. Damari amelitoa kwangu. Mimi nimelitoa kwa mmoja wenu, wewe au baba. Baba hayupo. Daktari anaomba damu yako, ajue ni upande gani, ili watoto wa upande huo wakizaliwa waangaliwe mapema. Binti wa shangazi Bertha ni mjamzito, hana usingizi."

Ile furaha ya Evarista ilisimama.

Alijua. Sindano ilikuwa bado Mbeya, na yeye alishajua. Alimkumbuka marehemu mama yake akimpa kiporo kabla hajatumwa maji mtoni, akiwaambia wengine, huyu msimwache na njaa, huyu huanguka. Alizikumbuka Ijumaa Kuu alizozimia kanisani wakati wenzake wanafunga, hadi padre akamkataza kufunga. Hata sasa, chini ya meza yake ya nyanya, hapakukosekana ndizi mbivu.

Igawa walisimama. Yotamu alishuka kugonga matairi na kutafuta chai. Ng'ambo ya barabara basi la kuelekea Iringa lilikuwa linapakia, na mpiga debe alimwona mama mtu mzima dirishani na mfuko wake, akamwita kwa mkono. Evarista alilitazama basi lile kwa muda mrefu. Akishuka sasa, atabaki na kumbukumbu ya kijana aliyemfuata kwenye tuta na kumwamini. Akifika Mbeya, karatasi itasema kosa limetoka kwake, na nani anajua kijana huyu atamtazamaje tena? Mtoto aliyempata asubuhi angeweza kumpoteza kwa tone la damu. Lakini huko Ilula dada yake alikuwa na mabinti, na mabinti walikuwa wanazaa, na katika watoto wao angeweza kuwapo mkubwa, mwenye mashavu, wa kupongezwa. Zaidi ya hapo, alikuwa amechoka kuaminiwa nusu. Yotamu aliporudi na vikombe viwili vya chai, akamkuta bado amekaa palepale.

"Weka sukari nyingi," Evarista alimwambia.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa huko zilikotangulia nyingine. Evarista alingoja majibu Uyole, katika nyumba aliyoijenga Yotamu kwenye kiwanja cha baba yake. Migomba ilikuwa imekatwa zamani. Mahali pake palikuwa na fremu za maduka, moja ya kutengeneza simu, nyingine ya mbegu na mbolea. Alisimama mara nyingi mbele ya zile fremu, watu wakadhani anataka kununua. Eveline, mke wa Yotamu, alimpokea kwa adabu, lakini mtoto hakumpa kumlisha, na Evarista hakuomba. Bertha aliishi nyumba ya pili, na hakuvuka.

Majibu yalipokuja, Daktari Liberatus alimwita peke yake. Alimweleza polepole, kisha akasema, "Mama, hii ni habari yako. Usipotaka wajue, mimi sitasema. Nitawaita ndugu wa pande zote waje wapimwe, basi."

Evarista alitoka akaketi kwenye benchi la nje, katikati ya watu, na hakuwahi kuwa mpweke kama pale, hata miaka yote ya Ilula. Siku zote alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia: kwamba hakuwaua. Sasa aliambiwa hakuwaua, ila kilichowaua kilitoka kwake. Hakujua mtu anaishije na maneno hayo mawili kwa pamoja. Na dawa ilikuwapo, imo kwenye chupa, inaandikwa na daktari kwa kalamu ya kawaida.

Jioni hiyo alimwomba Yotamu amwite Bertha. Bertha alikuja, mzee sasa, fimbo mkononi, akakaa karibu na mlango.

"Kosa limetoka kwangu," Evarista alisema kabla hofu haijamfunga ulimi. "Siyo kwa Gerson. Bertha, binti yako alale. Yotamu, wale wenzako wawili walikufa kwa kitu nilichowapa mimi, na wewe nimekupa, na Damari amekipata. Nimesema mwenyewe msije mkaambiwa na wengine."

Eveline alimvuta mtoto kifuani. Bertha aliitazama sakafu.

"Mimi nimempa Damari," Yotamu alisema hatimaye. "Wewe umenipa mimi. Sasa nani amfukuze nani?" Akanyanyuka, akaenda kusimama dirishani. "Kaa, mama. Usirudi Ilula bado."

Lile neno mama alilisikia, na lilimwingia. Lakini Bertha alijikokota akatoka, na Evarista aliutazama mlango ule mpaka giza likaingia.

Kesho yake Yotamu alikuwa na mzigo wa kupeleka. Mchana Eveline, aliyekuwa hajalala vya kutosha tangu azae, alisinzia kwenye kiti na kikombe mkononi. Simu yake ikalia kuashiria saa ya kumlisha mtoto. Aliizima na macho hakufungua vizuri, akakisukuma kikombe mezani kuelekea kwa mkwewe. "Mama, nisaidie," alisema, akalala.

Evarista alibaki na kikombe. Uji mwepesi, sukari, kijiko kidogo. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mashavu yamejaa. Alipiga magoti, akamwinamia, akachota, na mkono ukakataa. Baada ya miaka ile yote mgongo wake ulikuwa bado unalisubiri lile yowe. Alijilazimisha. Akapitisha kijiko kwenye midomo, mtoto akameza usingizini. Akachota tena.

Mwanga ulipungua. Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Evarista hakugeuka. Aliujua mlio wa fimbo ile.

Hakuna aliyepiga yowe. Alisikia fimbo ikiegemezwa ukutani, kisha sauti ya kitu kinachokunjuliwa sakafuni. Alipotazama, Bertha alikuwa ametandika mkeka, mkubwa, ule wa kukalia watu wengi, na ameketi juu yake amenyoosha miguu, kanga imefunika kichwa, kama wanavyokaa wanawake kwenye msiba.

"Wale wawili," Bertha alisema. "Uliwapa majina?"

"Mlisema wasipewe."

"Najua tulichosema. Nakuuliza wewe."

Evarista alikuwa hajawahi kuyatoa mdomoni. Aliyabeba Ilula, akayakalisha naye kwenye tuta, akazeeka nayo. "Anord," alisema. "Na Yudith."

"Anord," Bertha alirudia. "Yudith." Aliutandaza mkono wake kwenye nafasi iliyobaki mkekani, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Njoo ukae hapa, wifi. Sasa lia."

Kikombe kilikuwa bado na uji. Evarista alimlisha mtoto mpaka ukaisha, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga, kisha akashuka mkekani.